Daftari la Matumbo

Jumatatu, 7 Machi 1977 — Lodwar
Kutoka hapa mpaka Lokichoggio hakuna mkono kama wangu. Darasa la sita tu, lakini makarani wote wa serikali nawashinda nikiwa nimefumba macho! Daktari Mureithi anapapasa matumbo, anatafuta ule uvimbe wa maji unaoletwa na mbwa. Mimi naandika. Watu mia mbili na kumi na wawili. Bila mimi utafiti huu ungekuwa vumbi. Miguu imekwisha, lakini. Daftari Daktari hulifungia sandukuni, ufunguo kautia shingoni.

Jumatano, 9 Machi
Sista Jepkoech, muuguzi wa Kakuma, amefika juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Anataka majina ya wagonjwa wa kwake. Madaktari wa kupasua wanashuka Kakuma kwa ndege Jumatatu, halafu hawarudi mpaka mwakani. Daktari akasema daftari halitoki kabla makala yake haijachapishwa, wenzake watamwibia kazi. Sista hakupandisha sauti.
"Haya, Daktari. Wewe chapisha, mimi nitazika."
Daktari akamaliza chai yake polepole. Akavua ufunguo. Nikaambiwa ninakili — majina kumi na tisa, mwandiko wa kutundika ukutani!

Ijumaa, 11 Machi — Kakuma
Joto. Mgongo unauma. Tumewapata kumi na wanane. Amebaki mwenye uvimbe mkubwa kuliko wote: Apaloreng. Hilo ni jina la maksai wake mwekundu. Wanaume wetu ukiwauliza jina wanakupa la maksai, kwa maringo. Na Apaloreng wako wawili! Mmoja amehamia Lopur na mifugo, mwingine yuko Lokichoggio. Petroli inatosha njia moja tu kati ya hizo mbili. Nikamwambia Mutua, dereva, asukume gari. Hakucheka.
Sista akaitazama nakala yangu, pale penye jina la baba.
"Mwana wa Lomuria. Basi ni yule wa Lopur, baba yake ndiye Lomuria, namjua. Afadhali uliuliza, mdogo wangu."
Nikajibu mimi huuliza yote.

Jumamosi, 12 Machi
Gari limeondoka alfajiri, kwenda Lopur. Nimekaa hapa zahanati. 
Siku ile tulipompima Apaloreng foleni ilikuwa ndefu, nimechoka hata kuuliza. Majina ya baba nikayaacha wazi, ukurasa mzima. Jioni nikayajaza mwenyewe, yoyote yaliyonijia. Lomuria ni jirani yetu Lodwar, fundi viatu.
Yule mtu sikumuuliza baba yake ni nani.