Usimfute Macho

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, kilo moja na kidogo, leo kawashinda watu wazima! Nesi kamtia matone ya kufungua mboni, mara tatu. Daktari wa macho akaja — huja Alhamisi tu, kituo chake kiko mbali — akainama na taa yake kichwani, akanuna. Mboni zimejifunga kama tundu la sindano. Haoni ndani. Anasema mishipa ya nyuma ya jicho la mtoto njiti inaweza kuota ovyo, na isipowahiwa mtoto anapofuka. Alhamisi ijayo ndiyo mwisho wa kungoja. Nesi kaapa matone yameharibika. Mama mkwe kasema hospitali nzima imeharibika. Mimi nimeenda kulia chooni.

Jumamosi, 8 Machi

Matone mapya yamepatikana. Nesi kayafungia kwenye friji kama dhahabu. Mume wangu anauliza, kwani mtoto mdogo hivi anataka kuona nini? Nimeificha chupa ya chai. Kaenda kujitafutia chai mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Leo nesi kayajaribu matone. Tone moja kila jicho, akageuka kunawa mikono. Mama mkwe huyoo, kitambaa mkononi, anamfuta mjukuu wake macho, taratibu, kwa mapenzi yote! Nimepiga ukelele wodi nzima ikashtuka. Eti mtoto anatokwa machozi, amwache tu? Kumbe matone yote ya wiki iliyopita yaliishia kwenye kile kitambaa. Sasa hivi kitambaa ndicho kinachoona vizuri kuliko sisi sote.

Nikamwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Akakikunja kitambaa, akaondoka. Yeye, mpenda ubishi! Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe kaja mapema kuliko wote. Kanikabidhi kitambaa: nisimpe hata akikiomba. Kisha kakalia mikono yake yote miwili. Mama wa kitanda cha jirani kasogea kumchungulia mtoto, akafukuzwa. Hata nesi kaulizwa ana shida gani.

Mboni zimefunguka — nyeusi tii, pana! Daktari akataka mtu wa kumshika mtoto kichwa kisitikisike. Nikajitokeza mbio. Mikono inanitetemeka kama mashine ya kusaga. Kanitoa nje, kamchagua mama mkwe!

Naandika hapa kwenye benchi, mlango umefungwa. Mtoto analia. Bibi yake anambembeleza: vumilia mume wangu, vumilia, tunamaliza. Daktari anasema jicho la kulia ni zima. Nimeruka! Sasa la kushoto.

Daktari kasema kitu kwa sauti ya chini, sikukishika. Mtoto kanyamaza. Mama mkwe naye kanyamaza, mtu ambaye hata usingizini huongea.

Mlango umefunguka kidogo. Mkono wake umetoka.

Anataka kitambaa, ajifute yeye machozi.