Jokofu Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu, 7 Aprili
Kliniki ya watoto. Nimepima uzito, nimejaza kadi, sijachoma sindano hata moja. Wiki ya tatu tangu maji ya mto yaingie zahanati na kuua jokofu la chanjo. Kina mama wanaondoka wakinitazama. Naona aibu.

Jumatano, 9 Aprili
Mjini. Ofisi ya afya: limeharibiwa na mafuriko, nenda kwa watu wa mazingira. Watu wa mazingira: jokofu ni mali ya afya. Mradi uliolileta umefungwa, wafadhili wamejitoa. Wote wapole. Wote wamenipa kiti. Nimerudi na hasira.

Alhamisi, 10 Aprili
Surua imeingia kijiji cha jirani. Wamezika mtoto wa miezi kumi. Mama yake nilimzalisha mimi. Kwenye kadi palibaki sindano moja tu, ya surua.
Sitangoja jokofu.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimekwenda kwa Bi Somoe, mwenyekiti wetu wa kijiji. Nikamweleza: chanjo zipo mjini, ndani ya boksi la barafu zinamaliza siku nzima. Tatizo mto, daraja limekwenda na maji; mimi navuka kwa kamba, boksi halivuki.
"Wewe shika sindano, mwanangu," akasema. "Mto tuachie sisi."
Baada ya sala ya Ijumaa tangazo likasomwa: siku ya chanjo, wanaume wote mtoni.

Jumatatu, 14 Aprili
Mjini tena, ofisi ya afya. Mganga mkuu wa wilaya alisita. Zikipata joto njiani je? Nikamjibu nitazirudisha kwa mikono yangu, ila asinitume tena ofisi ya pili. Akasaini chanjo zitoke.

Jumanne, 15 Aprili
Bodaboda hadi mtoni. Maji kifuani. Wanaume walijipanga toka ng'ambo hadi ng'ambo, boksi likapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono. Mimi nilivutwa kwa kamba, nimemeza matope. Kipimajoto cha boksi kilisoma sawasawa. Nilikaribia kulia.
Watoto arobaini na mmoja. Wengine wa kijiji cha jirani, wamebebwa mgongoni tangu alfajiri. Mkono unauma. Safi.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimeandika barua moja kwa ofisi zote mbili, majina yao juu ya karatasi ileile: jokofu jipya, na chumba cha chanjo kwenye mwinuko. Wasome pamoja. Wasipojibu nitaipeleka tena, na tena.

Jumamosi, 19 Aprili
Hawajajibu. Mgonjwa mpya wa surua hakuna. Bi Somoe amepita na mihogo ya kuchemsha. Tumekula barazani. Mvua imekatika. Vijana wameanza kufyatua tofali kule mwinukoni.