Chiriku wa Baba, Buruburu

Mama mpendwa,

Wiki hii nimewakumbuka wale chiriku wa Baba. Hukuwapenda. Tulipohama mtaa wa Ziwani kwenda Buruburu, alijenga kizimba cha waya nyuma ya nyumba, kirefu kama mtu, chenye paa la mabati na matawi makavu ndani. Mtama waliomwaga ulileta panya, na aliyefagia ni wewe.

Wakati huo hamkuwa mkisemezana. Baba alisema mke wa karani wa serikali hana haja ya kukaa sokoni akishonea watu marinda, nawe ukaiacha cherehani yako kwa dada yako, Ziwani. Baada ya hapo maneno yenu yakawa yanapitia kwangu. "Muthoni, mwambie baba yako chakula kiko mezani." Naye alikuwa papo hapo kwenye kochi, anasikia.

Kisha Baba akalazwa, akapasuliwa tumbo. Kila jioni nilikwenda nawe kumwona. Siku ya kwanza ulimmiminia uji, ukamwuliza kama alipata usingizi. Akasema alipata. Basi. Mkabaki mnatazama mgonjwa wa kitanda cha pili mpaka kengele ikalia.

Asubuhi moja ulikuwa unawabadilishia ndege maji, ukasimama. Mmoja alikuwa amebeba uzi wa gunia mdomoni, anaingia nao kwenye kisanduku cha mbao ambacho Baba alikipigilia juu, pembeni. Akatoka, akachukua mwingine. Uliingia ndani, ukapasua mto wa zamani, ukachambua pamba na kuichomeka kwenye waya. Kufikia saa ya chakula cha mchana walikuwa wameivuta yote.

Jioni ile hospitalini ulisema, "Ndege wako wanajenga."

Baba aligeuza kichwa. "Anayebeba ni yupi?"

"Mwenye mashavu ya rangi ya machungwa."

"Huyo ndiye wa kiume. Wa kike anapanga ndani."

Tangu siku hiyo ulikuwa na la kwenda nalo. Ulimwambia mayai yametagwa, meupe, madogo kama maharagwe. Akakuonya usiwachungulie sana, wasije wakayaacha. Ukamjibu kwamba unatazama kupitia dirisha la jikoni. Ulimweleza wanavyopokezana kuatamia: mmoja akija na kulia kidogo mlangoni, mwenzake anatoka kwenda kula. Giza likiingia wanalala humo wote wawili.

"Wote wawili?" Baba aliuliza. "Hilo sikuwahi kuliona."

Nyumbani ulitukataza kucheza mpira nyuma. Maganda ya mayai ya kuku uliyasaga, ukawanyunyizia kwenye mtama.

Halafu ikaja ile mvua ya mawe. Upepo uliinua bati moja, nawe ukatoka mbio na leso kichwani, ukapanda kwenye stuli na kulikandamiza bati kwa mawe huku umelowa chepechepe. Yule wa kike aliruka kutoka kisandukuni kwa woga, akang'ang'ania tawi la mbali. Mvua ilikatika na hakurudi. Ulisimama dirishani bila kubadilisha nguo, maharagwe yakaungua mekoni. Mwishowe wa kiume ndiye aliyeingia. Ulishusha pumzi, ukaniambia nizime stovu.

Tulichelewa kufika hospitalini siku hiyo. Baba alikuwa ameketi, anatazama mlango.

"Mvua ilifika huko?"

"Ilifika. Wa kike alikimbia. Wa kiume ndiye aliyekaa juu ya mayai."

Baba alijisogeza kitandani upate pa kukaa.

Makinda walipoanguliwa ulimsimulia yote: uchi wao, midomo yao iliyokuwa wazi muda wote. Kisha habari zikaisha. Nikadhani tumerudi kulekule. Ndipo uliposema, ukikunja taulo yake, "Nataka kurudi kushona."

Baba aligeuka kukutazama.

"Cherehani iko wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Ile ilihitaji mafuta hata kabla hatujahama."

"Najua."

"Basi wailete. Nikitoka nitaitazama."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Hakuomba msamaha, nawe hukumdai. Alitoka amekonda, akaifungua cherehani sebuleni juu ya gazeti, akaisafisha kipande kwa kipande. Mwezi huohuo ulikuwa na meza sokoni.

Ndege wenyewe hawakudumu. Baadaye paka alipata upenyo kwenye waya, na Baba hakuleta wengine.

Kwenye mazishi yako watu walisema wewe na Baba mlipendana sana. Sikuwapinga. Mimi ninachojua ni kwamba miaka yote iliyobaki nilikuwa nikisikia sauti zenu jikoni baada ya chakula: yako, kisha yake, kisha yako tena. Maneno yenyewe sikuyapata. Sikuitwa tena kuyapeleka.

Naishia hapa, Mama. Pumzika.

Binti yako wa kwanza,
Muthoni