Ripoti Iliyosahau Lugha ya Shule

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili mchana

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani na baridi ya huko? Goti linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila Baba anakohoa na hataki kuitwa mgonjwa.

Uliulizia kigugumizi changu. Bado naenda kwa mtaalamu wa usemi kila wiki. Zamani ripoti zake aliziandika kwa mkono, unasubiri mpaka unasahau ulichosubiri. Siku hizi ana kompyuta. Anagusa herufi mbili tatu, sentensi nzima inajitokeza, yeye anabadilisha jina tu. Hujamaliza kufunga kamba za viatu, ripoti iko tayari.

Ya safari hii ilikuwa ya kupeleka shuleni, ili niongezewe muda kwenye mtihani wa kuzungumza. Nisipoongezewa nitafeli, Shangazi, na majibu ninayajua. Mtaalamu akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome: "Anakwama mara chache." Ni kweli, kwa lugha ya nyumbani, ambayo ndiyo tunayoongea naye. Lakini mtihani ni wa lugha ya shule, na huko nakwama karibu kila sentensi. Fomu ya kompyuta haikuwa na mahali pa kuulizia lugha ya pili.

Nikuambie ukweli, nilitaka kunyamaza. Mama, aliyenisindikiza, alishabeba mkoba tuondoke. Nikasema, "Si... si... si hivyo." Mama akataka kunimalizia sentensi. Mtaalamu akainua kidole: "Mwache, mama. Maneno ni yake."

Nilikwama tena na tena, lakini nilieleza mpaka mwisho. Akacheka. "Kumbe! Mashine hii ina mbio, masikio haina. Na mimi nikaiachia usukani!" Akanipa ukurasa wa lugha ya shule nisome kwa sauti, akawa anaweka alama ninapokwama, kisha akaandika upya. Fomu nayo akaiongezea sehemu: kila mtoto apimwe kwa lugha zake zote.

Juzi mwalimu mkuu alikubali, muda nitaongezewa. Sasa kisingizio sina, inabidi nizungumze kweli. Kwa hiyo nakuomba unipigie simu jioni yoyote, tuongee lugha ya shule. Nikinyamaza ghafla usidhani mtandao umekatika. Nisubiri.

Wasalimie binamu zangu pacha. Mama na Baba wanakukumbuka sana. Mungu akutunze na akuondolee maumivu ya goti.

Ni mimi, mwanao akupendaye,
kifungua mimba wa kaka yako