Vidonge vya Dada

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, katikati ya mashuka ya watu. Mguu umepoa? Na lile sikio, bado mashine za kufulia zinalingurumia hata ukiwa kitandani? Sisi tupo. Shemeji yako anakusalimia, anasema umemtupa.

Nina habari, na ningekupigia simu kama ungekuwa unasikia kitu zaidi ya "eeh?" na "nani?" Juzi walikuja kutupima presha sote hapa kiwandani. Nimetoka kwenye meza ya kupasua kuku, glavu zina utumbo mpaka kwenye kiwiko, nikavua, wakanifunga ule mkanda mkononi. Mpimaji akatazama mashine, akanitazama mimi, akanifunga upya. Mia moja sitini na tano kwa mia na tano. Akaniuliza kama kichwa kinauma. Nikamwambia mtu anayenusa manyoya ya kuku yaliyochemshwa tangu asubuhi, kichwa kisimuume kwa nini?

Wakanituma kliniki. Daktari akasema kabla hajaniandikia dawa anataka damu na mkojo. Nikapewa kikopo, nikaelekezwa msalani. Dada, mimi napasua kuku mia nne kwa siku, sina kinyaa cha kitoto. Lakini mle ndani! Sakafu ina maji ambayo si maji. Mlango haufungi, na nyuma yake mtu kaacha kikopo chake kimejaa, cha vuguvugu, nikakishika nikidhani ni changu. Nikatoka, nikaosha mikono mara tatu kwenye bomba la nje, nikaenda zangu nyumbani. Sirudi kule hata wanibebe.

Sasa niambie, wewe unameza nini?

Mdogo wako.


12 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo wewe na shemeji? Mwambie sijamtupa, nimemweka pembeni tu. Mimi mzima, mguu unavimba na kunywea upendavyo.

Nimecheka hicho kikopo mpaka wenzangu wakaja kuniangalia. Ungefanya kazi hapa nyumba ya wageni ungezoea. Leo asubuhi chumba namba saba wameniachia shuka ambalo sitakuelezea, maana najua unasoma ukila. Nimelishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Watu wakilipia kitanda wanaona wamenunua na haki ya kuwa nguruwe.

Haya, presha. Ulidhani utaikwepa? Mama alikuwa nayo, mimi ninayo mwaka wa sita, wewe ungeipata wapi nafasi ya kupona? Tumetoka tumbo moja, damu moja, basi na dawa ni moja. Ndani ya bahasha hii kuna vidonge thelathini. Kimoja kila asubuhi, na maji mengi. Usiruke siku. Kikohozi kikavu kinaweza kukusumbua, mimi kilinisumbua nikakizoea. Ile karatasi ya ndani ya boksi nimeitupa, maandishi yake madogo kama mayai ya chawa, hakuna anayeyasoma.

Usiniulize nami nimebaki na nini. Kliniki wananipa vya miezi miwili kwa mkupuo, ninavyo tele.

Dada yako anayekupenda.


20 Machi

Dada yangu,

Hujambo? Habari za mashuka? Vidonge vimefika, nameza kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kikohozi kimekuja kama ulivyosema. Nakohoa juu ya meza ya kuku, msimamizi ananitazama kana kwamba kuku ndio watakaoambukizwa.

Lakini kuna jambo jingine. Wiki ya tatu sasa tumbo linanipanda. Miaka kumi na moja nimefanya kazi humu na sijawahi kutapika, leo nimeacha kisu nikakimbilia nje. Ile harufu ya maini ya moto inaniingia mpaka kwenye meno. Shemeji yako akinisogelea na mafuta yake ya nywele namwambia akalale sebuleni. Hata mate yangu mwenyewe siyataki.

Ni hivi vidonge? Wewe vilikufanya hivi?

Mdogo wako.


28 Machi

Mdogo wangu,

Pole sana. Umeshindaje? Mimi sijambo, ila nina uchovu kidogo.

Hapana, mimi sikutapika. Labda tumbo lako linalia njaa, unakula kama shomoro. Au ni hao kuku, tangu lini nakwambia utafute kazi nyingine? Jaribu kumeza ukiwa umeshiba. Usiache tu dawa, maana presha haina adabu, ikipanda haikupigii hodi.

Nimekuwekea vingine thelathini. Karani wa basi ananijua, atakukabidhi mkononi.

Dada yako.


15 Aprili

Dada,

Sikuulizi hali.

Nina mimba ya wiki kumi na moja. Soma tena kama hujaelewa. Baada ya miaka tisa ya kuombewa, kusemwa, kuulizwa na mawifi kama nina tatizo gani. Nilikwenda kliniki ya wajawazito mbio mbio, hata ule msala niliuingia nikiimba.

Mkunga akaniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikatoa vidonge vyako kwenye mkoba, najisikia mgonjwa mwerevu. Akavitazama, tabasamu likamtoka usoni.

"Nani amekuandikia hivi?"

"Dada yangu."

"Dada yako ni daktari?"

"Anafua mashuka."

Akaviweka mezani mbali na mkono wangu, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu. Akasema dawa hii haipewi mwanamke mwenye mimba, hata anayetarajia kupata. Inaweza kuharibu figo za mtoto humo humo tumboni. Inaweza kumuua. Akasema karatasi ya ndani ya boksi imeandika hivyo, mstari wa juu kabisa, kwa wino mzito. Karatasi iko wapi? Nikamwambia.

Nilitapika hapo hapo, kwenye kindoo cha pamba zilizotumika.

Nilitaka kuachana na dawa zote. Akanikemea, akasema presha isipotibiwa nayo itatuua, mimi na mtoto. Daktari amenibadilishia nyingine, ambayo wajawazito wanaruhusiwa, na nitapimwa kila wiki. Nikamuuliza mkunga mtoto yukoje. Akasema umewahi kuja, mama, hayo ndiyo mazuri niliyonayo, mengine tutayaona kwenye kipimo cha picha.

Nikikumbuka kila asubuhi nilivyokuwa nameza, nanywa maji, nasema asante dada, nasikia kinyaa. Najionea kinyaa mimi niliyekimbia kikopo nikaenda kumlisha mwanangu sumu. Na wewe nakuonea kinyaa. Usiniandikie.


22 Aprili

Mdogo wangu,

Najua umesema nisikuandikie. Naandika hii moja.

Sikujua. Ningejua ningevimeza vyote mwenyewe kabla ya kukupa kimoja. Mimi nilipoandikiwa nilikuwa nimeshakoma kuona mwezi, hakuna aliyenieleza habari za mimba, na mimi karatasi niliifanya utani.

Leo asubuhi nimelishika boksi la dawa. Nimevitoa kimoja kimoja, nikavimwaga chooni, nikavuta maji mara mbili. Sitaki kuviona. Sitaki kitu kile kipite tena kwenye koo langu.

Dada yako, kama bado ninaruhusiwa kujiita hivyo.


19 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko huu usikutishe, ni wangu, nimetumia mkono wa kushoto. Natumaini u mzima, na huyo uliyenaye ni mzima. Sihitaji jibu. Ni Mama Pasi, huyu tunayefanya naye kazi, aliyenilazimisha. Amesema kama siandiki ataandika yeye, na yeye ni mwongo.

Nilianguka kazini tarehe tatu. Nilikuwa navuta mashuka yaliyolowa, mkono wa kulia ukakataa. Nikamwita Mama Pasi, yakatoka maneno kama ya mlevi. Hakungoja, alinipakia kwenye gari la kubebea mizigo ya wageni, nikafika hospitali mapema. Ndiyo maana niko hai. Mashine ilisoma mia mbili na kumi.

Nimelala siku kumi na mbili. Unajua nilichokifanya maisha yangu yote, kukunja pua juu ya uchafu wa watu. Sasa mate yalikuwa yananichuruzika upande mmoja, nayasikia yanavyoshuka, siwezi kuyafuta. Msichana wa umri wa mwanangu, kama ningekuwa naye, alikuwa akinigeuza na kuvuta shuka chini yangu. Nilikuwa nimelichafua. Nilifumba macho. Sijawahi kumwonea mtu kinyaa kama nilivyojionea mimi.

Daktari akaniuliza, "Mama, dawa zako ulikuwa unameza?" Nikamwambia ukweli, na wewe pia nakwambia. Vidonge vya ziada havikuwepo. Nilikuwa nakugawia vyangu. Tangu Februari nilimeza siku moja, nikaruka moja. Baada ya barua yako nikavimwaga vyote, karibu wiki sita sikuweka hata kimoja mdomoni. Nilikuwa najisikia mzima. Daktari akasema presha haiumi, na dawa inafanya kazi siku unayoimeza tu. Kama ilinichukiza, kama nilikuwa na hofu nayo, ningesema wakanibadilishia, ziko nyingi. Kikohozi nilichokizoea miaka sita, akasema, hakikuwa cha kuzoea. Wamenipa nyingine. Hii sijakohoa nayo.

Sikuelezi ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu umelirithi jambo hili nawe, na ukishajifungua usije ukafanya kama mimi.

Dada.


2 Julai

Dada,

Unaendeleaje? Mkono unainuka? Jibu hilo kwanza.

Barua yako nimeisoma nimesimama getini, nikaketi kwenye ngazi. Shemeji yako alidhani ni mtoto. Nilipiga kelele, "Mpumbavu! Mpumbavu huyu!" Yeye akajibu, "Mimi?" Nikamwambia na wewe pia.

Nilikuambia usiniandikie. Nilikuambia umwage dawa zako? Nani alikutuma ujiadhibu kwa mwili ambao hata kuusafisha kungenihusu mimi? Na ulikuwa unajinyima ili unipe! Kila upande nikigeuka nakuta upendo wako umeoza. Afadhali ungekuwa mchoyo.

Tumepiga picha ya tumbo. Daktari alipitisha kile kifaa kwa muda mrefu, nikahesabu taa za darini. Kisha akasema figo zipo mbili na maji yanatosha. Nikauliza maji gani. Akasema mengi ya hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na yakiwepo ya kutosha ni dalili kwamba figo zinafanya kazi. Yaani anakunywa, anakojoa, anaogelea humo, anakunywa tena. Nimeambiwa uchafu mwingi maishani ila huo umenishinda. Nililia mpaka jeli yote waliyonipaka tumboni ikanimwagikia kwenye sketi.

Hawajanipa hakika. Watapiga picha nyingine. Presha yangu inakaa mia thelathini na kitu, namshukuru huyo mkunga mkali.

Sijakusamehe. Nilidhani ningesamehe nikisikia unaumwa, nimejipekua, sijaona. Lakini kila Jumapili uniandikie namba zako za presha, hata kama hakuna salamu. Usiniambie "mzima". Niandikie namba.

Mdogo wako.


14 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini miguu haijavimba. Mia thelathini na nne kwa themanini na mbili. Jumapili ya kumi na moja hii, sijaruka. Sijaruka na kidonge pia, nameza nikishapiga mswaki, mkono wa kulia sasa unashika kikombe.

Nimerudi kazini, nakunja tu, sivuti yaliyolowa. Jana mfanyakazi mpya wa usafi alinifuata, kichwa kinamgonga, amesikia mimi nina dawa za presha. "Nigawie kimoja tu, mama." Alininyooshea kiganja. Nilisikia kichefuchefu, wallahi, kana kwamba ameniomba nimtemee mate mdomoni. Nikamfokea mpaka Mama Pasi akaja. Kisha nikaona haya, maana alikuwa anaumwa kweli, nikavua aproni nikampeleka kliniki mwenyewe. Tuliketi benchi moja tangu saa nne mpaka saa nane. Akapewa kikopo, akaenda, akarudi mikono mitupu amekunja uso. Nikamwambia twende, nitakushikia mlango. Mdogo wangu, uliyoyasema juu ya misala ya kliniki uliyapunguza. Nilisimama nimeziba pua na kanga, mguu mmoja umezuia mlango, mpaka akamaliza.

Hana presha. Amepewa miwani.

Siku zako zinakaribia. Sitakuja mpaka uniite. Usiponiita nitaelewa, na Jumapili namba zitakuja vilevile.

Dada.


17 Oktoba

Dada,

Walinianzishia uchungu mapema, presha ilianza kupanda na hawakutaka kungoja. Ni wa kike. Mdogo, kilo mbili na nusu, uso umekunjamana kama wako ukiamshwa.

Siku ya kwanza walikuwa wanaangalia nepi yake kila mara, ikawa kavu.  Nilimlaza kifuani nikamwangalia tu, nikamwomba. Saa kumi za jioni nilimfungua nimbadilishe, nikamwinua juu nimbusu, akanikojolea usoni, kwenye nywele, ndani ya mdomo niliokuwa nimeuacha wazi. Muuguzi alikimbilia taulo. Nikamwambia aache, aandike kwanza.

Wamempima damu jana, figo ziko sawa. Tutaendelea kumrudisha apimwe.

Hasira bado ninayo. Nimekuwekea godoro.

Beba dawa zako za kutosha, zako mwenyewe, na karatasi yake. Njoo.

Mdogo wako.