Nimepima Kisima cha Wifi Bila Ruhusa

Mpendwa mshauri, pole na mzigo wa kusoma siri za watu kila wiki, na leo nakuongezea ya kwangu, naomba unisaidie kabla sijavuruga nyumba ya watu. Mimi na mume wangu tunalima vitunguu kwa maji ya kisima, na ng'ambo ya njia, karibu kiasi kwamba akipiga chafya tunamwambia pole, analima wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, yeye zao lake ni nyanya, naye ana kisima chake, na tangu anunue ile pampu kubwa ya umeme maji yetu yanashuka mpaka pampu inavuta hewa, ndipo mume wangu akasimama kwenye kikao cha wakulima akasema mbele ya watu kwamba dada yake anamwibia maji, wifi akachukua mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo hawasalimiani, salamu zote napewa mimi nizifikishe kama posta.

Sasa mimi, mshauri, nina ugonjwa wa kutaka kujua, hata mume wangu ananiita Mpelelezi. Nina kamba yangu nimeifunga nati ya trekta, naishusha kisimani mpaka nisikie tubwi, halafu nafunga fundo pale kamba inapogusa ukingo, siku nyingine nashusha tena nalinganisha. Transfoma ilipoungua eneo zima likakosa umeme, watu walinuna, vitunguu vikalegea, lakini mimi kila asubuhi nilikuwa mbio kisimani kama mtoto aliyetega ndege, maana maji yalikuwa yanapanda yenyewe, mvua hakuna, jana yako hapa leo yako juu zaidi, nikawa najiuliza yanatoka wapi na siku zote yalikuwa yanakwenda kwa nani, ingawa kupanda kote kule hayakufika kwenye fundo langu la mwaka jana.

Umeme uliporudi wifi hakuwepo, alikwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, na ufunguo wa uzio akaniachia mimi. "Wifi, kuku uwalishe, nyanya nimezifunika majani makavu zitavumilia," aliniambia, "na huyo ndugu yangu usimwambie kwamba nimekonda." Pampu yake ikawa kimya, yetu inanguruma kutwa. Nikasema ngoja nione. Asubuhi nikashusha kamba kwenye kisima chake, jioni nikashusha tena, mshauri, nilikaa chini kwenye tope kwa mshangao, maji ya wifi yameshuka na mwenyewe hayupo, hakuna aliyechota hata ndoo. Kumbe wezi ni sisi!

Na kibaya zaidi, wiki hii mume wangu ameita watu wa mashine waje kuchimba kisima chetu kiende chini sana. "Nikifika huko hatanipata tena," anasema huku anasugua mikono. Kisima cha wifi ni kifupi, kimechimbwa kwa mikono, kikikauka nyanya zimekwisha, na nyanya hizo ndizo zinamlisha yeye, na sasa binti yake na kichanga. Nikisema, mume wangu ataniona jasusi wa dada yake, tena ataniuliza nani alinituma nishushe kamba kwenye kisima cha mtu. Nikinyamaza, wifi akirudi nitamtazama kwa macho gani? Niseme au ninyamaze?

Ni mimi, Mpelelezi wa Kisimani.

JIBU

Mpelelezi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Pole kwa kubanwa katikati ya ndugu wawili wenye vichwa vigumu. Na hongera, maana watu wengi hugombana juu ya kisima bila hata kuchungulia ndani. Lakini sogea hapa nikuvute sikio.

Umepima kisima cha wifi wakati pampu yenu inavuta. Je, umepima chenu wakati ya kwake inavuta na yenu imezimwa? Hujapima. Mumeo alimhukumu dada yake kwa kutazama kisima kimoja, na wewe umemhukumu mumeo kwa kutazama kimoja. Hapo mmefanana, usijione bora.

Swali lako liliniwasha, nikampigia simu mtaalamu mmoja wa maji ya ardhini, mama mcheshi kweli, nikamsomea. Akacheka, akasema, "Hao wana kisima kimoja chenye midomo miwili." Kwamba pampu ikivuta upande mmoja, maji ya pande zote yanaelekea huko, ya jirani nayo yanashuka. Ukiizima, yanarudi polepole. Kwa hiyo mwizi hakuna. Mnakula sufuria moja.

Kilichomfanya aache kucheka ni lile fundo la mwaka jana, ulilolitaja harakaharaka kana kwamba ni habari ya kuku. Eneo zima halikuvuta maji, kisima kikapumzika, na bado maji hayakurudi yalipokuwa. Huenda mnatoa kuliko mvua inavyorudisha, ninyi, wifi na majirani wote. Alinikanya nisiapie kamba moja. Pengine mngesubiri zaidi yangepanda, pengine mwaka jana mvua ilikuwa nzuri kupita kawaida. Hilo halijulikani kwa kukisia, linajulikana kwa kupima, visima vingi, msimu baada ya msimu. Udadisi wako ndio dawa hapo, usiuonee aibu.

Na hiyo mashine? Kuchimba chini zaidi ni kurefusha kijiko tu, mchuzi ni uleule. Wifi atalala njaa kwanza, halafu na ninyi mtamfuata. Fundi aambiwe asubiri.

Kuhusu kushusha kamba kwa mtu bila kumuuliza, ulikosea, hilo silipambi. Mpigie wifi simu leo umwombe radhi. Mwanamke aliyekuachia ufunguo wakati kaka yake anamwita mwizi hawezi kukununia kwa ajili ya kamba. Akirudi, kwanza mwulize habari za mtoto. Kisha zimeni pampu zote mbili mpaka maji yatulie, mpime. Mwashe moja, mpime, mwashe nyingine, mpime tena. Ila mumeo apime kisima cha dada yake, na dada apime cha mumeo, kila mmoja aone kwa macho yake anachomfanyia mwenzake. Baada ya hapo mpange zamu za kuvuta, mfunike udongo kwa majani makavu kama wifi anavyofanya, mmwagilie jua likipoa, na kamba ipelekeni kwenye kikao cha wakulima ili na wengine waanze kupima. Kikaoni hapo ndipo mumeo atamwomba dada yake msamaha. Alimtukana hadharani, asije kumwomba radhi jikoni.

Unauliza useme au unyamaze. Sema, tena leo, usingoje mumeo awe na furaha, maana watu wa mashine hawangoji furaha ya mtu. Usianze na habari za upelelezi. Mpeleke kisimani, mwonyeshe lile fundo la mwaka jana, umwambie: "Mume wangu, tunakunywa maji ya dada, na nadhani naye anakunywa yetu. Shika hapa upime mwenyewe."

Akikasirika, mwache akasirike huku ameshika kamba.