Milango ya Kuteleza Ndani ya Basi Lililobadilishwa Rangi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Randa, ndilo ninaloitwa na wote
Umri: Miaka sabini na mmoja
Kazi: Seremala
Makazi: Chumba kilicho nyuma ya karakana yangu

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya mbele ya koplo, kwa hiari yangu. Koplo ameniuliza nilijifunza wapi kazi ya milango. Nilijifunza kwa baba, katika nyumba niliyoihama ujanani bila kupata nafasi ya kuufunga mlango wake. Sijarudi huko tangu wakati huo.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa sita mwaka jana, asubuhi, walikuja karakanani dereva mstaafu anayejulikana kama Taratibu na mkewe. Taratibu aliendesha basi moja miaka mingi, na kampuni ilipoliondoa barabarani akalinunua. Alikuwa ameng'oa viti, akaweka kitanda nyuma, jiko katikati na choo pembeni. Nyumba nyingine hawakuwa nayo. Walitaka mlango wa chumba cha kulala na wa choo. Niliwaambia kuwa mlango wa bawaba unataka nafasi ya kufungukia, na humo nafasi hakuna. Tukakubaliana niweke ya kuteleza, inayoning'inia kwenye reli ya juu.

Nilianza na chumba cha kulala. Reli niliifunga kwa pima maji, kama nilivyofanya kwenye nyumba maisha yangu yote, na mlango ukatulia kama maji mtungini. Kisha Taratibu akalitoa basi uani hadi barabarani, na mlango ukajifungua wenyewe. Uani kwangu kuna mteremko. Nilikuwa nimeinyoosha reli kwa dunia, si kwa basi. Taratibu alicheka mpaka akaegemea usukani.

"Fundi, nyumba hii ina gia," alisema. "Ukiipima leo, kesho haipo."

Niling'oa reli, nikaziba matundu manne kwa vijiti vya mti mwekundu, nikapima upya kutoka sakafu ya basi lenyewe, kisha nikaongeza sumaku ya kuukamata mlango. Kipimo hicho hakijali umeegesha wapi. Matundu niliyafunika kwa ubao.

Vishikio sivipimi kwa futi. Mwenye nyumba husimama, hufumba macho, hunyoosha mkono kama anayeamka gizani, nami nachora alama pale kiganja kinapoangukia. Mke wa Taratibu ni mfupi. Mumewe alikuwa akiinama kupita kila mlango.

"Fundi, unapima mlango au unanipima akili?" mama aliuliza, macho kayafumba.

"Shika hapo hapo, mama watoto," mumewe alimwambia. "Mimi nitainama. Nimezoea."

Basi nikaweka kishikio pale.

Taratibu alifariki mwezi wa kumi na moja. Kabla machozi hayajakauka, mdogo wake alilichukua basi akisema anakwenda kulitengeneza injini. Halikurudi. Tangu hapo mjane amekuwa akilala kwenye jiko la jirani.

Leo saa nne asubuhi, mjane na shemeji yake huyo wakiwepo, nimeonyeshwa basi katika uwanja wa kituo hiki. Lilikuwa jeupe, sasa ni la kijani, na namba si ile. Shemeji wa mjane alidai kwamba basi la kaka yake liliuzwa kama chuma chakavu, na hili alilinunua tupu akalijenga mwenyewe, kwa vipimo vyake. Nilipanda. Milango sikuhitaji kuitazama mara mbili. Mtu hampotezi mwanawe kwa sababu kavishwa shati jipya.

Kabla ya kugusa kitu nilimwambia koplo atakachokiona chini ya ubao: matundu manne yaliyozibwa kwa mti mwekundu, yamekwenda mshazari. Nikafungua. Yalikuwepo.

"Mzee, fundi gani asiyeziba matundu?" shemeji alisema.

Nikaomba asimame kando ya kitanda, afumbe macho, afungue mlango.

"Hiki ni kituo cha polisi, si uwanja wa watoto."

"Fumba tu, kaka," koplo alimjibu. "Si mlango wako?"

Ni mrefu kama marehemu. Kiganja chake kilipiga ubao mtupu usawa wa kifua, kikapanda, kikashuka, kama anayewinda mbu. Koplo akamwambia inatosha.

Mjane hakungoja kuelekezwa. Alisimama pale pale, akafumba macho, na mkono ukaanguka juu ya kishikio bila kupapasa. Mlango ukaenda. Kisha akaufunga, yeye akiwa upande wa kitanda.

"Mama, toka sasa tuandike," koplo alimwita.

"Nakuja, mwanangu. Niache nikae kwangu kidogo."

Mlango ulipofungwa sikuusikia. Nilimuuliza koplo kama yeye ameusikia, akasema hapana. Naomba hilo liandikwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda kwa mikono yangu, na niko tayari kuyarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: Fundi Randa

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo haya, ameyakubali kuwa sahihi na kutia sahihi mbele yangu. Ameomba ruhusa ya kurudi kwenye basi kukaza skrubu za ubao alioufungua. Ameruhusiwa.